Gari la Mafuta na Sheria Zake

Kisiwa cha Pemba hakina kisima cha mafuta. Petroli yote iendeshayo motakaa na pikipiki zetu, na dizeli yote iendeshayo malori na mashine, huja kwa njia ya bahari. Na ikiisha kushushwa bandarini hapana budi ichukuliwe kwa barabara hata ifike Chake Chake, Wete, Konde na kila mahali penye kituo cha kuuzia. Mpaka mwaka 2010, ulipofikishwa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga, hata taa za miji yetu ziliwaka kwa nguvu ya mitambo ya dizeli. Basi mafuta hayakosekani barabarani, wala hatuwezi kuyakataa.

Kila mwanafunzi amekwisha kuliona gari la mafuta: lori lenye tangi refu la mviringo mgongoni, lipandalo vilima vyetu polepole na kushuka mabondeni kwa uangalifu. Wakati wa mavuno hupita karibu sana na majamvi ya karafuu yaliyoanikwa ukingoni mwa barabara, na watoto waliokaa hapo kuchambua hulipungia dereva mkono. Hapana ubaya kumpungia mkono. Lakini yafaa watoto hao wajue ni kitu gani kilichomo ndani ya tangi lile, na kwa nini serikali za dunia zimetunga sheria nyingi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya lori la mchele.

Watu husema, “Petroli yawaka.” Neno hili si sahihi sana. Petroli yenyewe, ile iliyo kama maji, haiwaki. Kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, ila hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Ndiyo sababu taa yahitaji utambi: utambi huyanywa mafuta kidogo kidogo, na moto ulio juu yake huyapasha joto. Petroli haingojei utambi. Yenyewe hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo nchi zetu hazijui. Basi hapa Pemba petroli iliyo wazi hutoa mvuke usiku na mchana, juani na kivulini, nao mvuke huo hauna rangi. Jicho halioni kitu.

Tena mvuke huu una tabia nyingine iliyo ngeni kwetu. Mvuke wa chungu cha wali hupanda juu ukatoka dirishani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hushuka. Hutambaa juu ya ardhi, hujaza mitaro, huingia katika visima na mashimo, na huteremka mlimani kama maji ya mvua yateremkavyo kwenda katika bonde la mpunga. Lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hupata karibu lita 200 za mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa waweza kukijaza chumba kidogo cha kulala kwa mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Mpishi aliyewasha jiko lake mbali, chini ya mlima, asiyejua kwamba kuna gari lililopinduka huko juu, aweza kuuwasha mvuke uliomfikia miguuni. Na moto hurudi kwa kuifuata njia ile ile ya mvuke hata ufike penye tangi, mbio kuliko mtu yeyote akimbiavyo.

Kuna jambo la tatu, nalo hushangaza hata watu wazima. Mvuke wa petroli hauwaki kwa kila kipimo. Katika sehemu 100 za mchanganyiko, mvuke ukiwa chini ya sehemu 1.4 hauwaki, maana ni haba mno. Ukizidi sehemu 7.6 au karibu na hapo hauwaki pia, maana hewa imekuwa haba. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo palipo mauti. Jambo hili la tatu likumbukwe, tutalirudia mbele.

Sasa tutazame yaliyotokea katika nchi yetu. Tarehe 10 Agosti 2019, siku ya Jumamosi asubuhi, gari la mafuta lilipinduka mahali paitwapo Msamvu, mjini Morogoro, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda bara. Petroli ikamwagika na kutiririka. Watu wakaja na madumu na ndoo, wengi wao vijana waendeshao pikipiki za abiria, wakaanza kuteka. Ilisimuliwa kwamba mtu mmoja alijaribu kuing'oa betri ya lori lile. Iwe ni betri au ni cheche nyingine, mvuke ulikuwa umekwisha kuwazunguka wote waliokuwapo, na ulipowaka uliwaka mahali pote kwa mara moja. Waliokufa papo hapo pamoja na waliokufa baadaye hospitalini walizidi 100. Taifa likaomboleza siku tatu.

Jambo la namna hii halikuwa geni katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo katika nchi ya Kenya, gari la petroli lilianguka, watu wakalikusanyikia, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, ulioko Kivu ya Kusini katika Kongo, gari la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka jioni, na waliokufa walizidi 200. Habari ya Sange yataka kusomwa kwa makini kuliko zile mbili. Ilikuwa siku za mashindano ya Kombe la Dunia la mpira, na baadhi ya waliokufa hawakuteka hata tone moja. Walikuwa wamekaa ndani ya nyumba wakitazama mchezo, na moto ukawafuata huko huko.

Wako wasemao kwamba watu wa Msamvu walikufa kwa sababu ya wizi, wakaishia hapo. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Mtu mwenye pikipiki ambaye kila siku hununua petroli kwa fedha ya taabu, akiiona inatiririka mtaroni, huiona kuwa ni mali inayopotea bure. Macho yake humwambia kweli kuhusu petroli, lakini hayamwambii neno juu ya mvuke. Angaliuona mvuke ule umemfika kifuani, angalitupa dumu akakimbia, hata kama lingekuwa dumu la dhahabu. Ndiyo maana sheria na alama zilihitajiwa: zimewekwa badala ya jicho.

Tuanze na tangi lenyewe, kwa maana halikuundwa ovyo. Ndani yake limegawanywa vyumba kadhaa, kila kimoja na mfuniko wake juu na bomba lake chini, ili chumba kimoja kikitoboka, vingine visimwagike. Na ndani ya chumba kikubwa hutiwa viambaza vya chuma vyenye matundu. Sababu yake yaweza kufahamika na kila mtoto aliyepata kuchukua ndoo ya maji kichwani bila kutia majani juu yake: maji huyumba, na yakiyumba humvuta mchukuzi huku na huku. Tani nyingi za petroli zikiyumba kwa pamoja, gari likikata kona kilimani, zaweza kulipindua. Viambaza huyavunja mawimbi hayo.

Wala tangi halijazwi hata mdomoni. Petroli ikipata joto huvimba, nayo huzidi kwa kadiri ya sehemu moja katika mia kila joto liongezekapo nyuzi 10. Fanyeni hesabu: gari lililojazwa lita 10,000 alfajiri kukiwa na nyuzi 23, likasimama juani mpaka mafuta yakafika nyuzi 33, litakuwa na lita ngapi? Lita 100 hivi zimezidi, na lazima ziwe na mahali pa kukaa. Mkosa nafasi hiyo hupasua kitu. Tarehe 11 Julai 1978, katika nchi ya Hispania, gari lililochukua gesi iliyobanwa hata ikawa maji lilipita karibu na kambi ya watu wa mapumziko, mahali paitwapo Los Alfaques, kando ya bahari. Lilikuwa limejazwa kupita kipimo chake. Tangi likapasuka, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao wageni waliokuja kuoga baharini. Baada ya hapo magari ya namna ile yalikatazwa kupita katikati ya makao ya watu.

Kuna na umeme usio na waya. Mafuta yakipita mbio katika bomba husuguana nalo, na msuguano huo huzaa umeme mdogo, kama ule uliao kidogo mtu avuapo nguo ya nailoni gizani. Cheche yake ni ndogo sana, lakini yatosha kuuwasha mvuke. Kwa hiyo, kabla ya kushusha mafuta, dereva hufunga waya kati ya gari na ardhi ili umeme ule uteremke chini kimya kimya. Mkimwona akiufunga waya huo kituoni, mjue kwamba hachezi wala hapotezi wakati, na mtu asimharakishe.

Juu ya sheria, habari ni ndefu, nami nitaeleza zile zinazotuhusu. Kamati ya wajuzi wa Umoja wa Mataifa ilitoa kitabu cha kwanza cha mapendekezo juu ya uchukuzi wa vitu vya hatari mwaka 1956, na mwaka uliofuata, katika mji wa Geneva, mataifa ya Ulaya yakafanya mapatano juu ya kuvichukua kwa barabara. Katika mapendekezo hayo vitu vyote vya hatari vimegawanywa makundi tisa. Baruti na vitu vilipukavyo ni kundi la kwanza, gesi ni la pili, maji yawakayo kama petroli ni la tatu. Sumu zimo katika la sita, na vitu vilavyo ngozi na chuma, kama tindikali, ni la nane.

Tena kila kitu kilipewa namba yake ya tarakimu nne, isiyobadilika kwa lugha wala kwa nchi. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, mafuta ya taa ni 1223. Tindikali ya salfa iliyo kali, ipelekwayo kwa wingi katika migodi ya shaba, ni 1830. Sianidi, sumu kali mno itumiwayo kutenga dhahabu na mawe, ni 1689. Namba hiyo huandikwa katika kibao cha rangi ya chungwa, nusu ya chini. Nusu ya juu huwa na tarakimu nyingine zielezazo tabia ya kitu: 3 ni maji yawakayo, 6 ni sumu, 8 ni kitu kilacho mwili. Tarakimu ikiandikwa mara mbili, hatari imezidi. Basi kibao chenye 33 juu na 1203 chini husema hivi: maji yawakayo upesi sana, nayo ni petroli. Herufi X ikitangulia mbele ya tarakimu za juu, maana yake ni kwamba mtu asimwagie maji, kwani kitu kile hupatana vibaya na maji. Mzima moto wa Pemba na mzima moto wa Japani wakikiona kibao kimoja, husoma neno moja. Magari mengi ya Afrika ya Mashariki huandikwa pia neno HATARI kwa herufi kubwa. Neno hilo ni zuri, ila halisemi ni hatari gani, wala iepukwe vipi.

Kwetu Zanzibar, kazi ya kuangalia biashara ya mafuta ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, iliyoanzishwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2013, ambayo watu wameizoea kwa jina la ZURA. Tanganyika, kazi kama hiyo ni ya EWURA. Kemikali nyingine zina walinzi wao: huko bara Mkemia Mkuu wa Serikali huzisimamia kwa sheria ya mwaka 2003, na Zanzibar nayo ina Mkemia Mkuu wake. Lakini mlinzi aliyeko ofisini hawezi kukaa katika kila kona ya barabara. Sehemu kubwa ya sheria humwangukia dereva: asichukue abiria, asivute tumbaku, asiliache gari peke yake karibu na nyumba za watu, asiuze mafuta njiani, awe na vyombo vya kuzimia moto, na ajue kukata umeme wa betri kwa kitufe kimoja gari lipatapo msiba. Na mwenye gari asimwendeshe dereva usiku kucha bila usingizi, kisha akamlaumu.

Hata hivyo gari laweza kupinduka. Wajuzi wamepima umbali ambao watu wakae, nao ni mkubwa kuliko mtu adhaniavyo. Petroli nyingi ikimwagika bila kuwaka, watu waondoke mita 300, yaani kama viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Tangi likiwa linawaka moto, watu waende mita 800. Na mtu akimbiapo asikimbie kuteremka, maana mvuke nao wateremka. Apande juu, na upepo uwe unatoka nyuma yake kwenda penye gari, si unatoka penye gari kwenda kwake. Majani ya mnazi yatamwonyesha upepo wendako. Asiwashe pikipiki aliyokuja nayo, aiache. Asiwashe tochi wala simu hapo penye mvuke. Akiisha kuwa mbali ndipo awaite polisi na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, awaambie mahali palipo gari, na kama alizisoma namba za kibao kwa mbali, awatajie. Waliopo chini ya mlima na wapikao majumbani waambiwe wazime majiko watoke.

Nimesema juu ya gari kubwa, lakini hapa kisiwani hatari ya kila siku huenda kwa madumu. Petroli hutiwa katika dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia, likafungwa nyuma ya pikipiki au kusukumwa chini ya kiti cha daladala, penye abiria kumi na zaidi, na mmoja wao huenda anavuta sigara. Dumu hilo halina kiambaza, halina waya wa ardhini, wala halina kibao. Mfuniko wake haukazi, na mvuke hutoka ukakaa sakafuni, mahali walipo watoto. Vivyo hivyo dawa ya klorini ya kusafishia maji ya visima: ni dawa njema, lakini ikipakiwa pamoja na tindikali ya betri, na vyote viwili vikamwagika njiani, hutoka gesi ya sumu ichomayo mapafu. Kila kimoja kichukuliwe peke yake. Na chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa shambani isiwekwe juu ya gunia la unga, hata ikiwa safari ni fupi kama kutoka Mtambile kwenda Mkoani.

Yabaki lile jambo la tatu tuliloahidi kulirudia. Tangi lililojaa petroli lina mvuke mwingi na hewa kidogo sana juu ya mafuta; aghalabu mchanganyiko huo umepita kipimo cha kuwaka. Tangi likiisha kumiminwa, hewa huingia, na mabaki yaliyoshika pembeni huendelea kutoa mvuke. Sasa mchanganyiko waweza kuangukia kati ya vipimo vile viwili. Kwa hiyo pipa tupu la petroli laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, na mafundi wengi wameuawa na mapipa matupu waliyoanza kuyachoma kwa moto wa kulehemu bila kuyaosha kwanza. Sheria nayo yalijua jambo hili. Gari la tangi lirudipo bandarini baada ya kushusha shehena yake, likiwa jepesi na likiruka ruka barabarani, halivuliwi kibao chake cha rangi ya chungwa. Hukaa nacho, na namba zake zile zile, mpaka tangi lioshwe na kupimwa.